Vinundu Hivi, Nikatwe au Niache?

(Mazungumzo na wanafunzi wa sekondari, yaliyoandikwa na mtoa mada kwa ajili ya wasomaji wetu.)



Najua dada wa afya akisimama mbele yenu na chaki mkononi mnajiandaa kusikia habari za UKIMWI, mimba na kondomu. Wengine mmeshaanza kukonyezana kule nyuma. Leo mtaniwia radhi. Tutaongea ugonjwa ambao wengi wenu hamjausikia hata jina, na kilichonileta ni karatasi moja tu.

Mnalifahamu lile sanduku la maswali tunaloliacha nje ya maktaba. Safari iliyopita nilipolifungua nilikuta yale ya kawaida: chunusi, hedhi, mapenzi, na mmoja aliyetaka kujua mshahara wangu. (Ni mdogo, ndugu yangu.) Chini kabisa palikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Nimebadilisha maneno machache ili aliyeandika asijulikane, lakini swali ni lake:

"Dada, nina vinundu laini mgongoni na tumboni. Zamani vilikuwa vitatu, tangu nivunje ungo vimekuwa vingi sijui idadi. Tena nina madoa ya kahawia tangu utotoni. Haviumi. Likizo hii nyumbani wanataka nipelekwe kwa mzee mmoja anayekata kwa wembe avitoe vyote, eti ni vya kutupiwa. Nikatwe au niache?"

Nilikaa na karatasi hiyo wiki tatu. Nilimpigia simu daktari wa ngozi ninayefahamiana naye, nikarudi vitabuni, na niliyoyapata ndiyo haya. Nayasema mbele ya wote kwa sababu sijui aliyeandika ni nani, na kwa sababu wale wanaomcheka bafuni nao wamo humu humu.

Kwanza tuelewane. Mimi si daktari, nimesomea elimu ya afya, na hata daktari hawezi kupima karatasi. Vinundu chini ya ngozi vina sababu nyingi. Vingine ni mafuta tu yaliyojikusanya. Kule Mahenge na sehemu nyingine zenye usubi, minyoo ya ugonjwa huo huleta vinundu. Hata ukoma huweza kuvileta, na kila kimoja kati ya hivi kina tiba yake mbali kabisa na mwenzake. Lakini karatasi ile inataja vitu viwili kwa pamoja, vinundu laini vinavyoongezeka wakati wa kubalehe na madoa ya kahawia ya tangu utotoni. Ndiyo maana daktari yule hakusubiri nimalize kusoma. Alisema, "Ampeleke mtu akamwangalie kama ana NF1."

Jina kamili ni nyurofibromatosisi aina ya kwanza. Ni refu kama treni ya mizigo, na madaktari wenyewe wamechoka kulitamka, wanaandika NF1. Nasi tufanye hivyo.

Ni ugonjwa wa kuzaliwa nao unaootesha uvimbe kwenye mishipa ya fahamu, ile mishipa inayopeleka habari kati ya ubongo na mwili. Si wa kawaida sana: katika watoto kama 3,000 wanaozaliwa, mmoja huwa nao. Chukueni shule tano kubwa kama hii yenu, huenda mkampata mmoja. Mwaka 1882 daktari wa Kijerumani, Friedrich von Recklinghausen, aliueleza vizuri na kuonyesha kwamba vinundu vile vinatoka kwenye mishipa ya fahamu. Ilichukua zaidi ya miaka mia moja, hadi 1990, ndipo makundi mawili ya watafiti nchini Marekani yakaigundua jeni yenyewe inayoharibika. Ipo kwenye kromosomu namba 17.

Jeni hiyo kazi yake ni breki. Huzuia seli zisigawanyike ovyo. Kila seli ina breki mbili, moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. Mwenye NF1 amezaliwa breki moja ikiwa imekatika katika kila seli ya mwili wake. Anaishi na ile iliyobaki. Lakini mahali fulani, kwenye seli moja ya mshipa wa fahamu, ya pili nayo inakatika. Hapo seli ile inakuwa kama lori linaloteremka mlima Kitonga bila breki: inagawanyika, inagawanyika, na uvimbe unaota. Likumbukeni lori hili, nitalirudia tukifika kwenye dawa.

Sasa breki ile ya kwanza ilikatika vipi? Hapa ndipo majumbani watu wanaumizana. Karibu nusu ya wenye NF1 wameirithi kwa baba au mama. Nusu iliyobaki ni wa kwanza kabisa katika ukoo wao, kosa limetokea lenyewe wakati mbegu au yai linatengenezwa. Hakuna aliyefanya kitu. Mama hakukanyaga dawa, hakula kitu kibaya akiwa mjamzito, na wala jirani hakutupa kitu. Pia haiambukizi. Si kwa kushikana mikono, si kwa ndoo, si kwa shuka, si kwa kulala kitanda kimoja.

Hilo la kitanda nalisema kwa aibu. Nilipokuwa kidato cha pili, katika shule ya bweni ambayo sitaitaja, nililala dabodeka moja na mwenzetu mmoja, yeye chini, mimi juu. Alikuwa na vinundu shingoni na madoa mgongoni. Wasichana walianza kusema ni ukoma. Ndoo yake ikatengwa peke yake kama ya mwizi. Mimi nilimwendea matroni nikaomba kuhamishwa. Nilidanganya kwamba kitanda kina kunguni. Yule mwenzangu alisimama mlangoni akanitazama nikikunja godoro langu, wala hakusema neno. Katikati ya kidato cha tatu aliacha shule.

Mwaka juzi nilimpeleka shangazi yangu kwenye kliniki ya macho katika hospitali moja ya rufaa. Kwenye benchi la pili alikaa dada mmoja na kitambaa cha kushona mapajani, ananitazama. Akatabasamu akaniuliza, "Kunguni waliisha?"

Nilitamani sakafu ipasuke. Lakini alinisogezea nafasi nikakaa, na mengi ya haya nitakayowaeleza juu ya tiba nilianza kuyasikia kwake kabla ya daktari yeyote. Yeye sasa ni fundi cherehani. Huja hospitali mara moja kwa mwaka kuangaliwa. Amekatwa vinundu vitatu tu. Vingine anavyo, na ameamua kuwa navyo.

Basi tuje kwenye tiba. Mpaka leo hakuna dawa inayourudishia mwili breki iliyokatika. Anayekuambia atakuponya NF1 yote kwa sindano, kwa mizizi au kwa maombi ya siku saba, mwulize kwanza ni nini. Kinachotibiwa ni uvimbe mmoja mmoja. Na swali la daktari kwa kila uvimbe ni moja: huu unafanya nini? Unauma? Unakua? Unabana kitu? Unamzuia mtu kuishi? Kama jibu ni hapana, hapana, hapana, basi kuuacha na kuuangalia nako ni tiba, ingawa nyumbani watasema hospitali wamekurudisha bure.

Tuanze na vile vya ngozini, maana ndivyo vilivyotajwa kwenye karatasi. Ni laini, ukikibonyeza kinazama kidogo. Kwa kawaida huanza kuonekana wakati wa kubalehe, na huongezeka polepole kadiri umri unavyokwenda. Wanawake wengi huona vimezidi wakati wa ujauzito. Mtu anaweza kuwa na vitano, mwingine mamia, hata wakiwa mama na mtoto, na hakuna daktari anayeweza kutabiri. Habari njema ni kwamba vinundu hivi vya ngozini havigeuki kuwa saratani. Havikatwi kwa kuogopa kifo. Hukatwa kwa sababu kimoja kinakwaruzwa na kamba ya sidiria au mkanda, au kinawasha, au kimekaa usoni na mwenyewe hataki kukiona kwenye kioo. Hiyo nayo ni sababu halali. Asikuambie mtu eti unajipenda.

Kukata kwenyewe ni kazi ndogo kama inafanywa na mwenye ujuzi. Unachomwa sindano ya ganzi, kinatolewa, unashonwa, unarudi nyumbani. Vikiwa vingi na vidogo, kuna kuviunguza kwa umeme au kwa mwanga wa leza, vingi kwa siku moja. Lakini kila kilichotolewa kinaacha kovu, na kingine kinaweza kuota jirani yake. Halafu kuna jambo linalotuhusu sana sisi watu wa ngozi nyeusi: keloidi, lile kovu linalovimba likawa kubwa kuliko kidonda chenyewe. Mmeyaona masikioni mwa watu waliotoga. Ukiwa wewe au ndugu zako mna tabia hiyo, mwambie daktari kabla hajashika kisu. Unaweza kuingia na kinundu cha ukubwa wa punje ya maharage, ukatoka na kovu la ukubwa wa yai. Rafiki yangu alitolewa kimoja cha shingoni kilichokuwa kinabanwa na kola na viwili vya kiunoni. Alipotaka vya mgongoni vyote, daktari alimwuliza, "Nani anauona mgongo wako?" Wakacheka, akaviacha.

Aina ya pili ni mambo mengine. Huu ni uvimbe unaokaa ndani, umejisokota kwenye mshipa mkubwa wa fahamu au kundi la mishipa. Mara nyingi mtoto huzaliwa nao, na hukua zaidi katika miaka ya utoto. Unaweza kuinua upande mmoja wa uso, kubana koo, kulemaza mguu. Mwingine umejificha kabisa hauonekani kwa nje. Kuukata ni kazi ngumu. Wazieni bigijii iliyonaswa kwenye nywele: ukiitaka yote, nywele zinakatika, na hapa nywele ndiyo mishipa inayoinua mkono au kufumba jicho. Tena una damu nyingi. Kwa hiyo daktari mpasuaji mara nyingi hutoa sehemu tu, ile inayobana, na kuiacha iliyoshikana na mishipa.

Hapo ndipo naomba mmtazame tena yule mzee wa wembe. Simtukani, huenda ni mtu mwema na ametahiri nusu ya kijiji. Lakini hana namna ya kujua kinundu kipi kimekaa juu ya ngozi na kipi ni ncha ya uvimbe ulioshika mshipa chini. Akikata cha pili, damu inaweza isikatike hapo nyumbani, na mguu unaweza usiamke tena. Wembe mmoja kwa watu wengi unabeba virusi vya UKIMWI na vya homa ya ini. Tumerudi kwenye UKIMWI baada ya yote, mnaona. Na anachokikata anakitupa. Hospitali, uvimbe unaotiliwa shaka hupelekwa maabara ukaangaliwe kwa hadubini.

Maana uvimbe huu wa ndani, tofauti na vile vya ngozini, unaweza kugeuka saratani. Katika watu 100 wenye NF1, kama 8 hadi 13 hupatwa na saratani hiyo ya mshipa wa fahamu katika maisha yao, na wengi wao ni watu wazima wenye umri mdogo bado. Sasa andikeni, hata ambao hamna hata doa. Uvimbe uliokaa kimya miaka ukaanza kuuma mfululizo, hasa maumivu yanayokuamsha usiku. Uvimbe uliokuwa laini ukawa mgumu. Uvimbe unaokua haraka, wiki hii si kama mwezi uliopita. Mkono au mguu kufa ganzi au kuishiwa nguvu. Lolote kati ya haya halingojei likizo wala mitihani ya muhula. Ni kumwambia matroni au mwalimu siku hiyo hiyo na kufika hospitali wiki hiyo. Saratani hii tiba yake kubwa ni kuikata yote mapema, pamoja na nyama nzima inayoizunguka. Ikishasambaa, dawa na mionzi vinasaidia kidogo tu.

Na mionzi yenyewe, kwa mtu wa NF1, haitumiwi ovyo. Mionzi inaweza kuamsha uvimbe mwingine mahali ilipopita, kwa sababu seli zake tayari zina upungufu wa breki. Kwa hiyo mwenye NF1, popote anapotibiwa, ataje ugonjwa wake hata kama hajaulizwa.

Sasa turudi kwenye lile lori la Kitonga. Utingo hawezi kutengeneza breki mlimani, lakini anaweza kuruka chini akasukuma jiwe chini ya tairi. Zipo dawa za vidonge zinazofanya kazi ya jiwe hilo: huzuia ujumbe wa "gawanyika, gawanyika" usifike ndani ya seli. Ya kwanza inaitwa selumetinibu. Iliidhinishwa Marekani Aprili 2020, kwa watoto wa kuanzia miaka 2 wenye uvimbe wa ndani usioweza kukatwa na unaowasumbua. Katika utafiti uliochapishwa mwaka huo, watoto 50 walipewa dawa hiyo, na kwa 35 kati yao ilithibitishwa kwamba uvimbe ulipungua kwa asilimia 20 au zaidi. Msicheke asilimia 20. Wengi wao maumivu yalipungua pia. Mwaka 2025 ikaidhinishwa dawa ya pili ya namna hiyo, mirdametinibu, kwa watoto na kwa watu wazima.

Je, ndiyo mwisho wa matatizo? Wapi! Jiwe likiondolewa, lori linaanza kuteremka tena: dawa ikiachwa, uvimbe unaweza kukua upya, kwa hiyo watu huinywa kwa miaka. Huleta kutapika, kuharisha, vipele kama chunusi na vidonda pembeni mwa kucha, na daktari hana budi kuangalia moyo na macho kila mara. Na bei yake inaumiza kuisema. Huko Marekani ni zaidi ya dola laki moja kwa mwaka kwa mgonjwa mmoja. Tena dawa hizi zimeidhinishwa kwa ule uvimbe wa ndani, siyo kwa vinundu vya ngozini. Nimezitaja ili mtu asije akawauzia kidonge sokoni akasema ndicho hicho. Na nimezitaja kwa sababu mlio katika mkondo wa sayansi mna haki ya kujua kwamba ugonjwa uliokaa bila dawa tangu mwaka 1882 sasa unazo, na kazi bado haijaisha.

Macho nitayapitia kwa ufupi, kwa sababu yanawahusu zaidi wadogo zenu. Watoto wenye NF1, hasa chini ya miaka 7, wanaweza kuota uvimbe kwenye mshipa unaopeleka picha kutoka jichoni. Mara nyingi hautibiwi, unaangaliwa tu. Uoni ukianza kupungua, hutumika dawa za saratani, kwa kawaida kaboplatini na vinkristini. Hiyo vinkristini asili yake ni lile ua dogo la waridi au jeupe lenye petali tano, linalotoka Madagaska, ambalo kwetu hupandwa uani na makaburini. Tafadhali msiende kulichemsha! Kwenye chupa ya hospitali kipimo chake ni kidogo sana na kimesafishwa. Kwenye sufuria ni sumu.

Lingine ni la bei rahisi kuliko yote na ndilo linalosahaulika: presha. NF1 inaweza kubana mshipa wa damu wa figo au kuotesha uvimbe kwenye tezi iliyo juu ya figo, na presha ikapanda hata kwa kijana wa miaka 15. Kipimo chake ni ule mkanda wa mkononi ulioko hata zahanati. Apimwe angalau mara moja kwa mwaka, na kabla ya upasuaji wowote. Akiwa pale aangaliwe na mgongo, maana uti unaweza kupinda wakati wa kukua, na ukiwahiwa unasaidika. Na walimu mlioko hapa, shikamooni, hili ni lenu: nusu au zaidi ya watoto wenye NF1 hupata shida fulani ya kujifunza, kama kusoma polepole au kushindwa kutulia. Si uzembe. Kumweka dawati la mbele na kumpa muda kidogo zaidi nako ni sehemu ya matibabu.

Mtaniuliza, hayo yote yako wapi, Ulaya? Sehemu kubwa ipo hapa hapa. Kuitambua NF1 mara nyingi hakuhitaji kipimo cha jeni. Daktari huhesabu madoa: mimi mwenyewe ninalo moja begani na si kitu, lakini yakifika sita au zaidi, yenye upana unaozidi milimita 5 kwa mtoto au milimita 15 kwa aliyebalehe, hapo anatilia maanani. Huangalia vidoadoa kwapani na kinenani. Hutafuta vinundu vidogo ndani ya jicho. Macho, taa na rula, basi. Pale KCMC Moshi kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi tangu 1992, kinachofundisha wataalamu wa nchi mbalimbali za Afrika. Muhimbili na Bugando wapo mabingwa wa upasuaji. Njia ya kufika huko huanzia zahanati au kituo cha afya, kwa barua ya rufaa. Ukikuta mhudumu hajawahi kuusikia ugonjwa huu, usikasirike, ni wa nadra. Mwandikie NF1 kwenye karatasi, mwonyeshe madoa kabla ya vinundu, omba rufaa ya daktari wa ngozi. Kama fedha ndiyo kikwazo, kila hospitali kubwa ina ofisa ustawi wa jamii. Rafiki yangu anasema alizunguka miezi minne kabla mtu hajamwambia chumba chake kipo.

Nilipofika hapa, kijana mmoja wa kidato cha nne alinyoosha mkono. "Dada, mtu kama huyo ataolewa?" Darasa likaangua kicheko. Nilimtazama, nikaona ameuliza kwa dhati. Nikamjibu kwamba wanaolewa na wanaoa, na wanazaa. Kila mimba ina nafasi nusu kwa nusu ya mtoto kurithi, sawa na kurusha sarafu, na ile sarafu haikumbuki ilivyoangukia mara iliyopita. Ni vizuri wawili hao waongee na daktari kabla. Mwanamke mwenye NF1 akiwa mjamzito apimwe presha kwa makini, na aanze kuchunguzwa matiti akiwa na miaka 30, kwa sababu hatari ya saratani ya matiti kwake huja mapema kuliko kwa wenzake. Kijana akauliza tena, "Na yule rafiki yako wa kunguni?" Ana mume. Wana mtoto mmoja, ana madoa mawili tu mpaka sasa, na wanayahesabu kila siku ya kuzaliwa.

Sasa nageuka kwako uliyeandika. Usiende kwa wembe. Haviumi, haviendi popote, vinaweza kungoja rufaa. Jumatano ijayo nitakuwa ofisi ya matroni kuanzia saa tisa alasiri. Njoo na mwenzako kama unaona haya, watu watadhani mmekuja kuuliza mambo ya hedhi. Nitakuwa na barua mbili. Moja ni ya mganga mkuu wa kituo cha afya. Nyingine ni ya mama yako, imeandikwa kwa lugha ya kawaida, ili awasomee na wakubwa wengine pale nyumbani. Nimeeleza kwamba hukurogwa na kwamba yeye hana kosa. Yule mzee sijamsema vibaya hata kwa neno moja.